Miaka Minne ya Odongo

Ukiingia boma la marehemu Amolo, kilomita mbili hivi kutoka gati la Luanda Kotieno, nyumba ya kwanza upande wa kulia ni ya Dalmas. Ni nyumba ndogo ya vyumba viwili, na mabati yake yalishika kutu kabla mwenyewe hajalala ndani yake hata siku moja. Aliijenga mama yake, Dorca, mjane wa Amolo, mwaka wa 2012, kwa faida ya omena, dagaa wa ziwani, aliyokuwa akianika na kuuza ufuoni. Hakuijenga kwa mapenzi tu. Kijana wake mdogo, Odongo, alikuwa amepata mke na hakuwa na pa kumweka, na kwa Wajaluo mdogo hasimamishi nyumba kabla ya mkubwa wake. Mkubwa alikuwa Afrika Kusini akicheza mpira. Basi Dorca akamjengea mtu asiyekuwepo ili aliyekuwepo apate kujenga. Majirani walisifu busara yake. Walichoshindwa kuelewa ni kwa nini mchezaji mwenye picha kwenye gazeti alikataa kuja hata siku moja kusimama mbele ya mafundi wa nyumba yake mwenyewe.

Jibu lilikuwa Bondo, mwaka wa 2008.

Mwaka huo Dalmas alikuwa na miaka ishirini na miwili na bado alivaa sare ya shule. Alikuwa amerudishwa darasa mara kadhaa, wala si kwa ujinga. Ni mguu wake wa kulia. Kila mashindano ya shule yalipokaribia, palikuwa na mwalimu mkuu mahali fulani aliye tayari kumpa dawati, chakula na kidato chochote, mradi alete kombe. Walimu hao walimpigia makofi na kupiga picha naye. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kijana huyu atakuwa nani kombe likishafungiwa kabatini. Kitambulisho hakuwa amechukua, maana mwanafunzi mwenye kitambulisho angezua maswali.

Jumamosi moja, baada ya mechi pale Bondo ambapo alifunga mabao matatu, alifuatwa na mtu mwenye simu mbili mkononi. Aliitwa Masinde, wakala wa wachezaji kutoka Kisumu. Alimsifu, akamnunulia soda, kisha akamuuliza umri. Dalmas alijibu kwa kujivuna kwamba ana ishirini na miwili. Masinde akafunga daftari lake.

"Ungekuwa na kumi na minane, mwezi ujao ungekuwa Durban," alisema. "Kule mtu wa ishirini na mbili hawamnunui, bwana. Huyo ni wa kuuzwa."

Masinde akanywa soda yake hadi nusu, akatazama watoto waliokuwa wakigombania mpira golini, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Huna mdogo wako?"

Alikuwa naye. Dorca alizaa mapacha miaka minne baada ya Dalmas: msichana aliyetangulia, Rosa Apiyo, na mvulana aliyefuata, Griffins Odongo. Majina hayo mawili, Apiyo na Odongo, Mjaluo akiyasikia hana haja ya kuuliza kama mtu ni pacha. Odongo alikuwa ndiyo kwanza ametimiza kumi na minane. Alikuwa ameacha shule akawa anajifunza kutengeneza mashua na injini zake pale ufuoni. Na jambo ambalo Masinde hakulijua, kwa sababu Jumamosi ile Odongo alikuwa chini ya mashua na mikono yake imejaa lami, ni kwamba kati ya wale ndugu wawili mchezaji hasa alikuwa Odongo. Kila mtu Luanda Kotieno alijua. Dalmas alikuwa na nguvu na shuti. Odongo alikuwa na macho. Alikuwa akitoa pasi mahali ambapo hapakuwa na mtu, na kabla hujacheka, mtu alikuwa ameshafika. Lakini jezi ilikuwa ya Dalmas, na wakala hutazama mwenye jezi.

Kitambulisho cha jina la Odongo kilihitaji chifu, na chifu wa kwao angewatambua, kwa hiyo Masinde akawapeleka kwa chifu mwingine, mbali na kwao. Dorca alikwenda amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa ameambiwa kwamba ni neno moja tu analotakiwa kusema, na kwamba neno hilo litaitoa familia kwenye jua la kuanikia omena. Chifu hakuinua kichwa sana. Aliuliza, "Mama, huyu ni nani?"

Dorca alimtazama kifungua mimba wake, mtoto wa kwanza kumfanya aitwe mama. Akasema, "Ni Odongo."

Ndivyo ilivyokuwa. Cheti cha kuzaliwa cha Odongo kilikuwa mezani, muhuri ukagongwa, vidole vikapakwa wino. Njiani kurudi, Masinde aliwanunulia samaki wa kukaanga, na Dorca hakula. Alisema tu, bila kumtazama mtu, kwamba leo amemkana mtoto wake mbele ya serikali.

Odongo hakuulizwa. Alipata habari jioni, alipokuja nyumbani akijifuta lami kwa mafuta ya taa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja, "Na mimi nitakuwa nani?"

Dalmas alicheka. Alikuwa na furaha siku hiyo, na furaha ilimfanya mwepesi wa mdomo. "Chukua yangu, omera, ndugu yangu," alisema. "Tunabadilishana tu, kama jezi baada ya mechi."

Odongo naye akacheka, kwa sababu alimpenda kaka yake na kwa sababu alikuwa na miaka kumi na minane, umri ambao mtu huona miaka ni kitu kisichoisha. Baada ya miezi michache alikwenda kuchukua kitambulisho kwa karatasi za Dalmas. Kuanzia hapo, kwa serikali, fundi mashua wa Luanda Kotieno alikuwa Dalmas wa miaka ishirini na miwili, na yule aliyepanda ndege Nairobi alikuwa Griffins Odongo, kijana mbichi wa kumi na minane.

Tuseme ukweli. Kule kusini hakuna aliyedanganywa. Daktari wa klabu ya Durban alimpima goti na meno, akamtazama usoni kwa muda, akaandika kumi na minane. Klabu ilitaka kijana wa kumlea miaka miwili na kumuuza kwa bei mara tano, na ilichohitaji ni karatasi ya kumwonyesha mnunuzi. Ndivyo soko la mpira linavyokwenda barani humu: mtu anapimwa kama sangara kwenye mizani ya ufuoni, na kila mwenye kushika mizani anajua mahali pa kubonyeza kidole. Anayebaki na aibu ni samaki.

Dalmas alicheza kusini miaka kumi na sita. Alianza Durban katika mwaka ambao nchi nzima ilikuwa inajenga viwanja vya Kombe la Dunia, akapelekwa Polokwane, akashuka daraja, akapanda tena, akaenda Francistown kule Botswana, akamalizia kwenye timu ya mji wa migodi Zambia. Mechi mia mbili na kumi na moja, mabao sitini na moja. Mashabiki wenye kofia za wachimba migodi zilizopakwa rangi walimwita "Kenya". Alijifunza kupiga soga kwa Kizulu na kula ugali wao na nyama ya kuchoma barabarani. Mwaka mmoja, wageni walipokuwa wakipigwa Durban, alikaa ndani siku sita, pazia limefungwa, na watu walewale waliomwimba Jumamosi walipita nje wakiwa na marungu. Jumamosi iliyofuata aliwafungia bao.

Lakini kitu kilichomchosha kuliko vipigo vya mabeki ni jina. Mwaka wa tatu alikuja kwenye timu kijana Mjaluo wa Homa Bay. Alipotambulishwa, jambo la kwanza aliloliuliza, kwa furaha ya kukutana na mtu wa kwao, ni pacha wake yuko wapi. Odongo hawezi kuwa Odongo bila pacha. Dalmas alijibu la kwanza lililomjia: alikufa tukiwa wadogo. Kijana akampa pole kwa dhati. Uongo ule ukawa mzuri kwa matumizi. Alipohojiwa na redio moja ya Polokwane kuhusu maisha yake, aliurudia, na mtangazaji akausifu moyo wake, kwamba anacheza kwa niaba ya marehemu pacha wake. Mahojiano yale yaliwekwa mtandaoni, na huko mtandaoni ndiko Rosa Apiyo, akiwa anapaa samaki ufuoni na simu imeegemezwa kwenye beseni, alikosikia habari za kifo chake.

Na Odongo? Mwaka wa 2010, timu moja ya kusini ilituma watu Kisumu kutafuta vijana wasiozidi miaka ishirini. Odongo alikuwa na ishirini kamili. Walimtazama kwa dakika arobaini. Mzee aliyekuwa akichagua alisimama kwenye mstari, akaacha kuandika, akawa anatazama tu. Mechi ilipokwisha alimshika Odongo bega akamwambia wataondoka naye, alete karatasi. Odongo alileta karatasi. Dalmas, ishirini na minne.

Alieleza. Alisema kwamba karatasi ile si yake, kwamba yeye hasa ni Odongo. Mzee yule alicheka kwa huruma na kumwambia kwamba Griffins Odongo anamjua, yuko Durban, amemwona akicheza kwa macho yake.

Siku hiyo Odongo alirudi kutoka Kisumu, akapita Kisian, akafika ufuoni, akaingia chini ya mashua aliyoiacha asubuhi. Hakucheza tena. Hakumpigia kaka yake simu kumlaumu. Habari hizo Dalmas alizipata kwa mama yake, na Dorca alizieleza kwa maneno machache: "Mdogo wako alienda kutafuta miaka yake, akaambiwa unaitumia."

Dalmas aliahidi kurekebisha. Kila msimu alisema atarekebisha msimu ukiisha. Lakini mkataba ulikuwa wa Odongo, kibali cha kazi cha Odongo, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo miaka minne ile ilivyozidi kuwa na thamani. Alipokuwa na thelathini na miwili na magoti yakaanza kulia ngazini, karatasi ilisema ishirini na minane, na hiyo ikamletea mkataba mwingine wa miaka miwili. Alikuja Kenya mara tatu. Kila mara alilala hotelini Kisumu, akafika nyumbani mchana na kuondoka kabla ya jua kuzama, kwa sababu nyumbani wangemwita Dalmas, na daima kulikuwa na shabiki au mwandishi aliyetaka kuandamana naye. Nyumba ya upande wa kulia aliitazama akiwa ndani ya gari.

Alirudi moja kwa moja mwaka wa 2024, goti la kushoto limefungwa bandeji, akapanga chumba Kisian. Alipokuja nyumbani, Rosa ndiye aliyetoka kumpokea langoni. Alimwangalia juu hadi chini, akafuta mikono kwenye leso.

"Karibu, pacha," alisema. "Maiti yako imekuja kukupokea."

Dalmas alitaka kucheka. Rosa hakumruhusu. Alimgeuzia mgongo akaenda kuweka chai, na kwenye chai alimwekea sukari vijiko vitatu, kama alivyopenda utotoni. Hilo lilimuumiza kuliko matusi.

Odongo alikuja jioni. Alikuwa mtu mnene kidogo sasa, mwenye ukimya wa mafundi. Walizungumza habari za injini. Watu wa ufuoni walimwita Odongo, kama zamani. Ni ofisini tu alikuwa Dalmas. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amefanya kazi zote za mtoto wa kwanza: alimzika baba mdogo, alikaa na wazee kwenye mambo ya mipaka ya shamba, alimpeleka mama hospitali. Karatasi ilimwita mkubwa na maisha yakamfanya hivyo.

Mwanzoni mwa 2025 Dorca aliugua, na haikuchukua muda kujulikana kwamba hatanyanyuka. Siku moja mchana aliomba watu watoke, abaki na Dalmas. Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini alimshika mkono kwa nguvu ya kushangaza.

"Nyathina, mwanangu, sikudai nyumba, sikudai gari," alisema. "Nilikukana siku moja kwa chifu, na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nataka kitu kimoja. Siku ya kunizika, uwe Dalmas. Wewe ndiye utangulie kunitupia mchanga, mbele ya watu wote, kwa jina nililokupa."

Dalmas aliahidi. Aliahidi akiwa analia, na aliamini.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo jingine. Mukhtar, mtu wa Kaloleni pale Kisumu, kipa wa zamani aliyekuwa na mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi, alikuwa amefungua kituo cha kufundishia vijana mpira. Wafadhili walikuwa wamepatikana. Alitaka kocha mkuu mwenye jina, na jina alilolitaka ni Griffins Odongo, mechi mia mbili na kumi na moja kusini mwa Afrika. Mkataba ulikuwa tayari. Walikubaliana waweke sahihi Jumatatu. Kwa mtu wa miaka thelathini na tisa asiye na cheti chochote ila kumbukumbu za mpira, kazi ile haikuwa kazi moja kati ya nyingi. Ilikuwa ndiyo kazi. Dorca alifariki siku kumi kabla ya Jumatatu hiyo, na mazishi yakapangwa Jumamosi, siku mbili kabla ya sahihi.

Walikuja watu wengi kuliko alivyotarajia mtu. Waimbaji wa kanisa, wanawake wa omena, wavuvi, na basi dogo kutoka Kisumu lililomleta Mukhtar na makocha wake, wote na fulana zenye nembo ya kituo. Walikuja pia vijana wenye simu, waliomjua Odongo wa mtandaoni, wakaanza kurekodi tangu langoni. Kijitabu cha mazishi kilichapishwa Kisumu, picha ya Dorca mbele, na ndani orodha ya watoto kama Mungu alivyowaleta: Dalmas, Rosa Apiyo, Griffins Odongo. Mukhtar alikisoma akasogea kwa Dalmas na kumnong'oneza pole, kwamba hakujua kumbe yeye ndiye kitinda mimba, na kitinda mimba ndiye huumia zaidi. Dalmas aliitikia. Kidogo tu, kwa kichwa. Lakini aliitikia.

Jeneza liliposhushwa, Oketch, ndugu wa baba yao, ndiye aliyeongoza. Oketch alijua kila kitu, na Dorca alikuwa amemwachia maagizo. Katika boma lile mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutangulia kutupa mchanga. Wengine hufuata kwa kuzaliwa, na mchanga wa kwanza ndio unaomgusa mzazi, uliobaki wote huangukia mchanga mwenzake. Mzee alisimama, akakohoa, akasema kwa sauti ya kutosha:

"Dalmas. Mtoto wa kwanza wa Dorca. Njoo umwagie mama yako mchanga."

Watu wa nyumbani wote walimgeukia Dalmas. Wageni wote, pamoja na Mukhtar, walitazama huku na huku kumtafuta Dalmas ni yupi. Simu ziliinuliwa.

Miguu yake ilijua la kufanya. Mtu aliyefunga mabao sitini na moja hufunga kwa sababu hafikirii. Mpira ukimfikia ndani ya boksi, anakuwa ameshapiga. Lakini pale ukingoni mwa kaburi alifikiria. Alifikiria simu zile, Jumatatu, chama cha mpira, magazeti, kibali cha kazi kilichopatikana kwa alama za vidole za uongo, jela. Aliona mechi mia mbili na kumi na moja zikifutwa moja baada ya nyingine. Haikuzidi pumzi mbili. Baadaye Rosa alisema ilikuwa kama mahubiri mazima.

Odongo alimwona. Yeye daima alikuwa na macho ya kuona mtu anakwenda wapi kabla hajaondoka, na aliona kwamba kaka yake haendi popote. Akapiga hatua, akainama, akachota mchanga kwa mkono wake wenye makovu ya vyuma, akatangulia. Mchanga ule ulipiga ubao wa jeneza kwa sauti kavu ambayo kila mtu aliisikia.

Oketch alichungulia kaburini. Kisha, kwa kuwa mazishi hayasimamishwi, akamwita Rosa. Na mwisho akasema, polepole, akimtazama Dalmas usoni, "Na sasa Griffins Odongo. Mchezaji wetu."

Dalmas alitupa mchanga wake. Haukutoa sauti. Uliangukia mchanga.

Watu walipotawanyika kula, alimkuta Odongo nyuma ya nyumba akinawa. Alimwambia kwamba alikuwa anakuja, kwamba alikuwa ameshaanza kuja.

"Nilikuona," Odongo alisema. "Zile simu zilikuwa nyingi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Usijali. Kwa karatasi mimi ndiye Dalmas. Nilifanya kazi ya karatasi."

Hakuwa na hasira. Dalmas angetoa goti lake zima ili awe na hasira.

Jumatatu alikwenda Kisumu. Hakuwa amelala siku mbili, na njiani aliamua kwamba jambo hili lazima limgharimu kitu. Aliingia ofisini kwa Mukhtar, akakataa kiti, akasema yote: Masinde, chifu, mama, miaka minne, Odongo wa kweli anayetengeneza mashua Luanda Kotieno. Alisema kwamba ikiwa Mukhtar anataka kumpeleka polisi, yuko tayari.

Mukhtar alimsikiliza akichezea kalamu. Mwisho akaanza kucheka, si kwa dharau, bali kama anavyocheka mtu aliyekumbushwa ujana wake.

"Sasa wewe Odongo, hilo tu ndilo limekukondesha hivi? Mimi nimedaka miaka saba kwa cheti cha binamu yangu Farouk. Timu nzima ile tulikuwa na babu wawili wa miaka kumi na tisa. Wewe ulidhani kule mazishini tulikuja kukagua vitambulisho?"

Dalmas alimuuliza kama angejali, Jumamosi ile, kama mtu angesimama mbele yake na kusema mimi ndiye Dalmas.

"Ningekupa pole, nikatupa mchanga wangu, nikala wali wenu," alisema Mukhtar. "Kaa chini, bwana."

Dalmas alikaa. Miaka kumi na saba alikuwa amelinda mlango ambao hakuna aliyekuwa anausukuma. Mama yake alikuwa amezikwa na hofu isiyokuwa na mwenyewe. Aliomba basi, kwa sauti ndogo, kwamba mkataba uandikwe kwa jina lake la kweli.

Hapo Mukhtar hakucheka. Alisema kwa upole, kama daktari, "Hilo haliwezekani. Dalmas hajacheza mechi hata moja. Wafadhili wanamlipa Odongo."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Palikuwa na mahali pa jina, mahali pa tarehe ya kuzaliwa. Alijaza. Mkono wake uliijua tarehe ya Odongo kuliko yake mwenyewe, haukuhitaji kukumbuka.

Jumatano alikwenda nyumbani. Aliingia langoni kwa miguu na kwenda kulia, kwenye nyumba yake, akachota mchanga mbele ya mlango ambao hakuwahi kuufungua. Alifumba ngumi, akatembea hadi kaburini akichechemea. Alikuwa ameamua atasema nini. Angesema jina lake kwa sauti, ndilo neno lenyewe, halafu angemwaga.

Odongo alikuwa amepiga magoti pale, na mwiko mkononi, akikwangua mabaki ya saruji ubavuni. Kaburi lilikuwa limesakafiwa lote, kutoka kichwani hadi miguuni, laini kama meza. Upande wa juu saruji ilikuwa imeshageuka nyeupe kwa jua.

"Nilimaliza jana," Odongo alisema. "Mvua zinakuja, nikaona zisimfikie." Kisha akaona ngumi iliyofumbwa, na mchanga uliokuwa ukichuruzika katikati ya vidole. Akaielewa mara moja, kama alivyokuwa akiielewa kila nafasi uwanjani. Akasogea pembeni kumpisha, akatazama saruji, akamtazama kaka yake. "Ulitaka kumwaga wapi?"

Dalmas alizunguka kaburi lote akitafuta ufa. Odongo alikuwa fundi mzuri. Hakuacha hata pa kupita sisimizi.

Alirudi polepole hadi mbele ya mlango wake, akaufungua mkono juu ya kishimo alichokichimba, na kwa mguu wa kulia akakishindilia mpaka pakawa sawa na pengine.